Mcheza kwao hutunzwa: kichekesho cha Kiingereza kilivyohamia Calcutta

Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Kaka na dada zangu wa steji, habari za jioni. Na nyie wadogo zangu mliojibanza huko nyuma na madaftari, sogeeni jamani viti vipo, leo nina stori na sitaki mtu aipate nusunusu.

Nimeombwa niongee kuhusu kutafsiri vichekesho, kazi ambayo nimeifanya miaka mingi na naipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kushika. Ningeweza kuanza na kanuni, fanya hivi usifanye vile, ila najua mtasinzia mapema. Nitawapa kisa kimoja tu, cha kichekesho cha zamani cha Kiingereza na safari yake mpaka koloni.

Twendeni Calcutta. Siku hizi wanaiita Kolkata, iko India mashariki huko, na enzi hizo ndo ilikuwa makao makuu ya utawala, kule India, wa Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki, yaani kampuni iliyokwenda kufanya biashara ikaishia kutawala nchi. Ijumaa tarehe 27 Novemba 1795, saa mbili kamili usiku, kwenye mtaa wa Domtala, milango ya ukumbi mpya ikafunguliwa. Ukitaka kukaa kwenye boksi au sehemu ya chini karibu na steji unatoa rupia nane, ukitaka kukaa juu ghorofani unatoa rupia nne, na nyie wa pwani mnazijua rupia, babu zetu huku nao walilipana kwa rupia mpaka Waingereza walipoleta shilingi. Watu wakaingia wakakaa. Muziki ukaanza, vyombo vya Kibengali na vyombo vya Kizungu vikipigwa pamoja, na maneno ya nyimbo yalikuwa ya Bharatchandra Ray, mshairi ambaye Wabengali wa wakati ule walikuwa na mashairi yake kichwani kama sisi tulivyo na zile taarabu za zamani ambazo ukianza mstari mwenzio anamalizia. Alafu pazia likafunguka, na wakatokea waigizaji Wabengali, wanaume kumi na wanawake watatu, wakaanza kuongea Kibengali.

Nataka mkae na hiyo picha kidogo. Ukumbi wa maigizo wa Kizungu, una pazia, una mandhari ya kuchorwa, una tiketi, na kwenye steji watu wa pale pale wanaongea lugha ya pale pale. Hilo jambo halikuwahi kutokea Calcutta kabla ya usiku ule. Na mchezo wenyewe ulikuwa nini? Kichekesho cha Kiingereza, kinaitwa The Disguise, kimeandikwa na bwana mmoja Richard Paul Jodrell na kimechapwa mwaka 1787. Sisi tungekiita Kujigeuza. Kwa Kibengali walikiita Kalpanik Sangbadal. Leo ukimuuliza Mwingereza wa kawaida kuhusu huyo Jodrell atakukodolea macho tu, ila historia yoyote ya tamthilia ya Kibengali utakayofungua, kwenye kurasa za mwanzo mwanzo utakutana na hicho kichekesho chake.

Sasa nani alikipeleka? Hapa ndo watu huwa wanadhani nawatania. Mrusi. Alikuwa anaitwa Gerasim Lebedev, mzaliwa wa Yaroslavl, mwanamuziki, mpiga fidla. Alizunguka Ulaya na muziki wake, akapanda meli ya Waingereza, mwaka 1785 akashuka Madras, miaka miwili baadaye akahamia Calcutta akakaa miaka kumi. Alikuwa anaishi kwa kupiga muziki na kufundisha, na alikuwa na kiu ya lugha ambayo binafsi naielewa sana, ile kiu ya kusikia watu wanaongea dirishani kwako kila siku na wewe huambulii kitu, inakukosesha usingizi. Akatafuta mwalimu. Na mwalimu aliyempata ndo mtu ambaye leo nimekuja kumsemea, anaitwa Golaknath Das. Lishikeni hilo jina.

Walikubaliana kubadilishana, Das anamfundisha Mrusi Kibengali na lugha nyingine za kule, Mrusi anamfundisha Das muziki wa Kizungu. Hakuna bosi hapo, kila mmoja ana kitu mwenzie anakitaka. Lebedev akaanza kutafsiri michezo miwili ya Kiingereza kwenda Kibengali, huu The Disguise na mwingine Love Is the Best Doctor, labda mwanzoni ilikuwa kama mazoezi ya lugha, wanafunzi wa lugha wengi tumepita hapo. Akawasomea wasomi wa Kibengali, mapandit, wakaisikiliza, wakaonyesha sehemu zilizowafurahisha, wakaipitisha. Na baada ya hapo, Lebedev kaandika mwenyewe kwenye dibaji ya kitabu chake cha sarufi kilichotoka London mwaka 1801, Golaknath Das ndiye aliyemwambia, ukitaka kuuonyesha mchezo huu hadharani mimi nitakutafutia waigizaji, wanaume na wanawake, kutoka kwa wenyeji. Lebedev anasema alifurahi sana na wazo hilo.

Mmesikia wazo lilikuwa la nani? Vitabu vingi vinaandika Mrusi alianzisha tamthilia ya Kibengali, na kwa kweli Lebedev alifanya kazi kubwa, alitoa pesa yake, alikwenda kuomba kibali kwa Gavana Jenerali Sir John Shore akapewa, alichora ramani ya jengo mwenyewe, alisimamia ujenzi na mazoezi, vyote vikakamilika kwa kama miezi mitatu, na nyie mliowahi kujenga hata kibanda mnajua miezi mitatu ni nini. Simnyang'anyi. Ila yule aliyesema tuwaite watu wetu wenyewe wapande jukwaani, na wanawake wawemo, ni mwalimu wa mtaani ambaye hata picha yake hatuna. Bila yeye ile tafsiri ingebaki karatasi ndani ya sanduku la mpiga fidla.

Sasa tuje kwenye tafsiri, maana ndo kazi yetu. Mchezo wa Jodrell ulikuwa unatokea Hispania. Sasa fikirieni, Mwingereza anaandika kuhusu Wahispania, Mrusi anawatafsiria Wabengali, huo ni ugeni juu ya ugeni. Walichofanya wakaing'oa Hispania yote wakaweka Calcutta na Lucknow. Majina ya Kihispania yakatoka yakaingia majina ya Kibengali, Bholanath Babu, Sukhamay, majina ambayo mtu akiyasikia tu anajua huyu ni wa ukoo gani na anavaaje. Na pale penye walinzi wa usiku wa Ulaya wakaweka chokidari, mlinzi wa usiku wa kule anayezunguka mitaa na fimbo yake. Penye mwanasheria wakaweka gumashta, yule wakala na karani wa matajiri anayeandika hesabu na kujua siri za kila mtu. Penye wanamuziki wanaozurura barabarani wakaweka watu wa aina hiyo wa kule kule. Penye wezi wakaweka wezi wa Calcutta, na kila mji una wezi wake jamani, mwizi wa Kariakoo na mwizi wa Eastleigh hawaibi kwa mtindo mmoja.

Lebedev anaeleza kwa nini alichagua michezo ya aina hiyo. Anasema aliona Wahindi wanapenda kuigizana na vituko kuliko maneno mazito ya hekima hata kama yamesemwa vizuri namna gani. Hapo mimi nakataana naye kidogo. Si Wahindi tu. Waingereza wenyewe London wakati huo walikuwa hawaendi kutazama mchezo wa majonzi peke yake, jioni nzima ya tamthilia ilikuwa na mchezo mkubwa kwanza, alafu mwishoni kinafuata kichekesho, na wengine walikuwa wanangoja usiku uende ndo waingie kwa nusu bei. Watu wa nchi zote wanapenda kucheka na mwili mzima. Lebedev aliona kitu cha kweli, ila alikiona kwa Wahindi kwa sababu ndo aliokuwa anaishi nao.

Niwape mfano wangu mdogo ili muone ninachosema. Miaka kadhaa iliyopita tulitafsiri komedi moja ya Kizungu kwenye ukumbi fulani, sitautaja. Ndani yake kuna mtumishi wa nyumba kubwa anayevaa nguo za bwana wake bwana akisafiri, kule kwao hapo watu hawana mbavu. Sisi tukamwita msimamizi wa nyumba, tukatafsiri kila neno kwa uaminifu, siku ya kwanza ukumbi kimya. Kimya kabisa. Mama mmoja mtu mzima alikuwa kakaa safu ya mbele, nikamsikia anamuuliza jirani yake, huyu ndo baba mwenye nyumba au? Hakuwa na kosa lolote yule mama, hajawahi kukutana na mtu wa namna hiyo maishani mwake. Usiku ule tukakaa na dairekta na waigizaji mpaka saa nane, tukamfuta yule msimamizi, tukamweka shemeji aliyekuja mjini kwa wiki moja na sasa ana mwaka wa tatu, na zile nguo za bwana zikawa kanzu ya Idi ya mwenye nyumba, mpya, haijavaliwa, bado ina mikunjo ya dukani. Kesho yake yule shemeji alipotokea na ile kanzu imemfika kwenye ugoko, ukumbi ulipiga kelele kabla hajafungua mdomo. Maneno tuliyabadilisha machache sana. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa, na kichekesho nacho kinatunzwa kikipata kwao.

Hicho ndicho Das na Lebedev walikijua mwaka 1795. Na ukitaka kuona ukubwa wake tazama wenzao walikuwa wanafanya nini. Waingereza wa Calcutta walikuwa na ukumbi wao toka 1775, mkubwa, umechangiwa na wakubwa wa Kampuni akiwemo Warren Hastings, na David Garrick, nyota wa steji ya London, akawasaidia kutokea huko huko Uingereza. Ulikuwa ni ukumbi wa Waingereza, kwa Kiingereza, kwa ajili ya Waingereza walioko mbali na nyumbani. Mwanzoni hata wanawake wa Kiingereza hawakuigiza, wanaume ndo walivaa magauni, mpaka bibi mmoja Mrs Bristow alipoweka jukwaa nyumbani kwake Chowringhee mwaka 1789 akaigiza mwenyewe. Yaani ni miaka sita tu kabla ya wale Wabengali watatu. Wanawake wa watawala ndo kwanza walikuwa wamepanda jukwaani juzi, na mwalimu Das anasema na wetu wapande.

Kuna mji mwingine nataka kuuweka pembeni ya Calcutta kwa dakika chache, Sydney, Australia, maana tarehe zinakaribiana mpaka inashangaza. Sydney ilikuwa koloni la wafungwa, na tarehe 16 Januari 1796, siku hamsini tu baada ya usiku wa Domtala, wafungwa walifungua jumba la maigizo la Robert Sidaway, mwokaji mikate ambaye yeye mwenyewe aliletwa kama mfungwa. Usiku wa kwanza walicheza mchezo wa majonzi unaitwa The Revenge na mwishoni kichekesho kinaitwa The Hotel. Ofisa mmoja wa koloni, David Collins, kaandika habari zake na ndo maana tunazijua. Kiingilio cha juu ghorofani kilikuwa shilingi moja, ila koloni halina hela, kwa hiyo watu wanakuja mlangoni na unga, au kipande cha nyama, au pombe, meneja anapima anakadiria, thamani ya shilingi imefika, ingia. Mimi hiyo picha naipenda sana, mtu kabeba unga wake wa wiki kwenye kitambaa, anautoa ili akacheke masaa mawili. Na wezi nao wakajua, familia nzima ikiwa ukumbini nyumba iko tupu, siku ya pili tu ya maonyesho nyumba ikavunjwa. Waigizaji walionywa toka mwanzo, mkifanya utovu wowote ukarudiwa tutawatawanya mwende makazi mengine huko.

Kutoka jumba lile kimebaki kikaratasi kimoja cha tangazo, cha tarehe 30 Julai 1796, kimechapwa na mfungwa mwingine, George Hughes, kinatangaza mchezo unaitwa Jane Shore na baada yake kichekesho kinaitwa The Miraculous Cure. Ndo kitu cha kuchapwa cha zamani kuliko vyote kilichobaki Australia, na kilikuja kuonekana Kanada, kwenye kitabu cha kubandika makaratasi, Kanada wakakirudisha Australia mwaka 2007. Fikiria taifa zima, hati yake kongwe ya kuchapwa ni tangazo la kwenda kutazama mchezo na kichekesho.

Tofauti ya miji hii miwili ni hii. Sydney kichekesho kilibaki Kiingereza, kilichezwa na Waingereza maskini kwa ajili ya Waingereza maskini, na wenye ardhi ile wenyewe hawakupewa nafasi kwenye jukwaa lile. Calcutta kichekesho kilitoka mikononi mwa wenyewe kikaingia mikononi mwa watu wengine. Kwa maoni yangu hiyo ya pili ni kubwa zaidi, japo ya kwanza ndo inanigusa moyo ukitaja unga.

Basi turudi Domtala. Onyesho la pili lilikuwa tarehe 21 Machi 1796, na safari hii tiketi ilikuwa mohari moja ya dhahabu, kama rupia kumi na sita hivi, mara mbili ya ile bei ya juu ya kwanza. Watu walilipa. Na baada ya hapo pazia halikufunguka tena. Lebedev alianza kuandamwa, alilalamika kwamba watu wa ukumbi wa Kiingereza walimletea mchoraji wa mandhari kwa nia ya kumvunja, mara kesi mara madeni, mwaka 1797 akaondoka India hana kitu. Akasimama Rasi ya Tumaini Jema, kule Cape Town, akapiga muziki kutafuta pesa ya safari, akafika London, akachapa ile sarufi, alafu akarudi Urusi ambako alianzisha mtambo wa kuchapa kwa herufi za Kihindi pale St Petersburg. Alifariki mwaka 1817. Maskini hakuiona India tena.

Na Wabengali? Walikaa kimya muda mrefu kwenye jukwaa la aina ile. Jatra ilikuwepo, ile ngoma yao ya maigizo ya uwanjani ambayo vijana wa kiume ndo wanacheza sehemu za wanawake, hiyo haikukatika. Ila ukumbi wa kwanza ulioanzishwa na Mbengali mwenyewe, Hindu Theatre ya Prasanna Kumar Tagore, ulikuja Desemba 1831, na walicheza nini? Vipande vya Julius Caesar, na mchezo wa Kisanskriti uliotafsiriwa kwa Kiingereza. Yaani Mrusi na mwalimu Das walichukua Kiingereza wakakifanya Kibengali, miaka thelathini na sita baadaye Wabengali matajiri wanachukua cha kwao wanakicheza kwa Kiingereza. Nikisoma hapo huwa naumia kweli. Na huwa namkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyeuchukua huo huo Julius Caesar mwaka 1963 akautia kwenye Kiswahili, akiwa na nchi nzima ya kuongoza, ili mkulima naye aone kwamba lugha yake inabeba.

Lakini kichekesho hakikufa. Mwaka 1860 hivi Michael Madhusudan Dutt, mshairi mkubwa wa Kibengali, akaandika vichekesho viwili vyake mwenyewe, kimoja kinawasema vijana waliosoma Kiingereza wanaodhani kunywa pombe ndo ustaarabu, kingine kinamsema mzee tajiri anayejifanya mcha Mungu huku anamezea mate mke wa mkulima wake. Umbo ni lile lililokuja na meli, ila uchungu na watu ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 1872 ikaanza National Theatre, tiketi kwa kila mwenye hela yake, na mchezo wa kwanza ulikuwa Nil Darpan, kuhusu wakulima walivyoteswa na walowezi wa zao la nili.

Alafu ikaja Januari 1876. Mtoto wa Malkia Victoria, Prince of Wales, katembelea Calcutta, na wakili mmoja Mbengali, Jagadananda Mukherjee, kampokea nyumbani kwake mpaka ndani kwa wanawake, jambo ambalo mji mzima uliliona ni aibu. Kufika Februari, Great National Theatre ikapandisha kichekesho, Gajadananda na Mwana wa Mfalme. Polisi wakazuia. Waigizaji wakabadilisha jina wakapandisha tena. Wakazuiwa tena. Basi wakatunga kingine wakakiita Polisi wa Nguruwe na Kondoo, kwa sababu kamishna wa polisi alikuwa anaitwa Hogg na msimamizi wake anaitwa Lamb, nguruwe na mwanakondoo, ndo maana ya hayo majina kwa Kiingereza, watu walibuni hilo kwa kutumia lugha ya mabwana wenyewe. Serikali ikatoa amri ya dharura tarehe 29 Februari, na kabla mwaka haujaisha ikapitisha Sheria ya Maonyesho ya Tamthilia, mchezo wowote unaweza kuzuiwa ukionekana unachafua au unachochea. Tamthilia nzito za majonzi zilikuwepo, Nil Darpan ilikuwepo, ila kilichowafanya wakae usiku kucha kuandika sheria ni kichekesho. Na sisi hapa tunaotembea na mafaili kutafuta kibali kila tukitaka kuigiza, tuna Sheria yetu ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, miaka mia kamili baada ya ile, hizi habari hatuhadithiwi.

Nimalizie na wale wanawake watatu, maana ndo walionifanya nikubali kuja.

Tangazo la Lebedev kwenye gazeti la Calcutta, la mwezi huo huo wa Novemba 1795, linataja vitu vingi. Linataja kibali cha Gavana Jenerali, linasema ukumbi umepambwa kwa mtindo wa Kibengali, linataja muziki, linamtaja mshairi Bharatchandra Ray kwa jina na heshima yake, linasema katikati ya sehemu za mchezo kutakuwa na vitu vya kuburudisha. Kuhusu waigizaji linasema tu, wa jinsia zote mbili. Basi. Walisimama pale mbele ya watu wakati ambao hakuna mwanamke wa Kibengali aliyewahi kusimama kwenye jukwaa la namna ile, wakasema maneno yao, wakachekesha watu waliolipa rupia nane, na hakuna hata jina moja.

Ukiacha onyesho la nyumbani kwa tajiri mmoja, Nabin Chandra Basu, mwaka 1835, ilipita miaka sabini na nane mpaka wanawake wakarudi kwenye ukumbi wa tiketi, Bengal Theatre, Agosti 1873, na Madhusudan ndiye aliyekuwa ameshauri waajiriwe, akafariki wiki chache kabla hajawaona. Mwaka uliofuata akaanza binti mdogo, Binodini Dasi, wa miaka kama kumi na moja hivi, akaja kuwa nyota kuliko wote wa zama zake. Yeye alijitoa sana ili Star Theatre ijengwe mwaka 1883, na alikuwa ameahidiwa itaitwa kwa jina lake. Ilipokwisha kujengwa wakasema hapana, watu wa heshima hawatakuja kwenye ukumbi wenye jina la mwanamke wa namna ile, maana alitoka kwenye nyumba za makahaba. Miaka mitatu baadaye akaacha steji kabisa, bado kijana. Mwisho wa Desemba 2024 ndo serikali ya jimbo la Bengal Magharibi ikatangaza kwamba Star Theatre itaitwa Binodini. Miaka mia moja arobaini na moja mtu anangoja jina lake.

Kwa hiyo sasa hivi dada zetu watatu wa kikundi watapanda hapa, watawasomea kipande cha yule shemeji na ile kanzu, kwa Kiswahili chetu, kama dakika kumi na tano. Ile karatasi mliyopewa mlangoni igeuzeni upande wa pili. Jina la mchezo tumeliweka chini. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, ni majina yao. Karibuni mama zangu, jukwaa lenu hili.